Ukipiga Kelele Kortini: Ni Lini Jaji Ana Haki ya Kukuadhibu?

Mada kwa vijana wa Migori na Homa Bay



Vijana wetu wa Migori, Rongo, Awendo, Homa Bay, Kendu Bay na Mbita, na nyinyi mnaotufuata mkiwa mbali, karibuni. Leo hatuzungumzii vitambulisho wala misako ya polisi. Leo tunaingia ndani ya korti, tunakaa kwenye benchi, halafu tunauliza swali ambalo wengi hupata jibu lake wakiwa tayari seli: je, jaji au hakimu anaruhusiwa kumfunga mtu kwa sababu amepiga kelele mahakamani? Na kama anaruhusiwa, ni lini, na mpaka wake uko wapi?

Usiseme hili ni jambo la mawakili. Hebu fikiria mambo yanayotupeleka kortini huku kwetu. Shamba la marehemu babu ambalo ami ameliuza bila watoto kujua. Matunzo ya watoto. Mashua na nyavu. Kijana aliyekamatwa na polisi na familia haijui ameshtakiwa kwa kosa gani. Na lile zito zaidi, mazishi. Ndugu aliyesilimu amefariki. Mkewe na wenzake wa msikitini wanataka azikwe upesi kama dini inavyotaka. Ukoo nao unasema mtoto wetu anarudi bomani, atazikwa kwa mila ya kwao. Mmoja anakimbia kortini, amri inatoka kwamba maiti isitolewe mochari mpaka kesi isikizwe. Siku zinapita. Siku ya kusikizwa pande zote mbili ziko ndani ya chumba kimoja, hakuna aliyelala, wote wanalia mtu mmoja. Sasa niambie, hapo hakuna atakayepaza sauti?

Atapaza. Na wakati huo mambo yote yanategemea mtu mmoja aliyekaa pale juu, afanye nini na sauti hiyo.

Kwanza tuelewane: kudharau korti ni nini?

Kuna dharau za aina mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kukaidi amri. Korti imesema usijenge, wewe unajenga. Korti imesema mleteni huyu mtu, nyinyi hamumleti. Hii hufanyika nje, na ili mtu aadhibiwe, kwa kawaida upande wa pili huleta ombi, huleta ushahidi, na mshtakiwa hujibu.

Ya pili ni ile inayofanyika mbele ya macho ya korti yenyewe. Mtu anamtukana hakimu, anamtisha shahidi, anasimama kila dakika kukatiza kikao, anarusha kiatu. Hapa jaji haambiwi na mtu. Ameona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Kwa hivyo sheria inampa nguvu ambayo haimpi kwingine kokote: anaweza kukukamata, kukuhukumu na kukuadhibu papo hapo, siku hiyohiyo.

Simameni hapo kidogo, mfikirie uzito wake. Katika kesi ya kawaida kuna mlalamishi, kuna mashahidi, kuna mwendesha mashtaka, halafu kuna hakimu asiyehusika. Hapa mtu mmoja ndiye aliyekosewa, ndiye shahidi, ndiye mshtaki na ndiye mwamuzi. Ukifanya hivyo nyumbani kwako watu watasema hii si haki. Sheria inaruhusu kwa sababu moja tu, kwamba bila nguvu hiyo kesi haziwezi kuendelea. Na jambo lililoruhusiwa kwa sababu ya dharura linapimwa kwa dharura yake. Dharura ikiisha, ruhusa nayo inaisha.

Sheria yetu Kenya inasemaje?

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudharau Mahakama, sheria kamili yenye jina hilo. Haikudumu. Tarehe 9 Novemba 2018, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliifuta yote baada ya kesi iliyopelekwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika lisilo la serikali. Sababu zilikuwa mbili kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa, na iliingilia uhuru wa mahakama. Sheria hiyo ilitaka hata idara ya serikali iliyokaidi amri ipewe kwanza notisi ya siku 30. Yaani mama wa sokoni angeweza kushughulikiwa leo, lakini ofisi kubwa ipewe mwezi mzima wa kujifikiria.

Sheria hiyo ilipoanguka, tulirudi kwa zile za zamani. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mamlaka ya Mahakama kinasema Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zina nguvu ileile ya kuadhibu dharau iliyo nayo Mahakama Kuu ya Uingereza, na kwamba nguvu hiyo inalinda pia heshima ya korti za chini. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 nayo inataja mambo ya wazi: kumtisha hakimu au shahidi, kumtukana, kukatiza kikao. Kisha kuna Kifungu cha 121 cha Sheria ya Adhabu, ambacho kinamruhusu hakimu amweke mtu chini ya ulinzi, na kabla korti haijafunga siku hiyo amtoze faini isiyozidi shilingi 1,400, na asipolipa afungwe kwa muda usiozidi mwezi mmoja.

Angalieni kiasi hicho cha shilingi 1,400. Ni senti za zamani, kweli, lakini kinatufundisha waliotunga walikuwa na nia gani. Adhabu ya papo hapo ilikusudiwa kuwa ndogo. Kazi yake ni kurudisha utulivu ili kesi iendelee. Ikiwa kosa ni kubwa, kwa mfano mtu amempiga shahidi, basi afunguliwe mashtaka kamili, apate wakili, asikizwe na hakimu mwingine.

Na juu ya sheria hizo zote kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 159 kinasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi. Sikieni vizuri, yanatoka kwenu. Kifungu cha 50 kinampa kila mshtakiwa haki ya kusikizwa kwa haki, na hakikuweka alama ya kusema isipokuwa aliyemkasirisha jaji. Hata huyo anayeshtakiwa kwa dharau ana haki ya kuambiwa amekosa nini na kujieleza kabla ya kuadhibiwa.

Mafunzo ya vijana walioimba kortini

Kwa kuwa sheria yetu inatuelekeza Uingereza, twende huko tuone walifanya nini na vijana kama nyinyi.

Februari 1970, jijini London, jaji alikuwa katikati ya kesi ambayo haikuhusiana nao hata kidogo. Kundi la wanafunzi kutoka Wales likaingia ndani ya korti likipiga mayowe, likiimba na kurusha karatasi. Walikuwa wanadai haki ya lugha yao ya Kiwelisi. Kikao kikakatika. Jaji akawaita. Walioomba radhi aliwatoza faini ya pauni 50. Wale 14 waliokataa kuomba radhi akawafunga miezi 3.

Kumi na mmoja wakakata rufaa. Mahakama ya Rufaa, akiwemo Lord Denning, ilisema mambo mawili kwa pamoja, na mimi nataka muyashike yote mawili. Kwanza, jaji alikuwa sahihi kuwaadhibu. Huwezi kuvamia kesi ya watu wengine, hata kama dai lako ni la haki, kwa sababu wale wenye kesi nao walikuja kutafuta haki yao. Pili, vijana hawa si wahalifu wala si wakatili. Wameshakaa jela siku kadhaa, korti imeshaonyesha kwamba haichezewi, basi inatosha. Wakaachiliwa kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miezi 12.

Miaka 4 baadaye ikaja kesi nyingine, ya St Albans. Karani mmoja kijana wa ofisi ya mawakili alichoshwa na kesi ndefu. Akapanga kuingiza gesi ya kuchekesha kwenye bomba la hewa ili korti nzima icheke. Alikamatwa kabla hajafungua hata mtungi. Jaji akampa miezi 6. Kijana naye akamjibu jaji kwa kejeli. Alipofika Mahakama ya Rufaa alikuwa amekaa ndani siku 14, na akaachiliwa. Majaji walisema: hakukuwa na haraka. Kikao hakikuwa kimevurugwa. Polisi walikuwa wameshamshika na angeweza kushtakiwa kwa njia ya kawaida. Nguvu ya kuadhibu papo hapo ni ya wakati ambapo jaji asipochukua hatua sasa hivi, kesi iliyo mbele yake itaharibika.

Hapo tumepata kipimo cha kwanza. Usiulize jaji ameudhika kiasi gani. Uliza kesi imezuiwa kiasi gani.

Jaji aliyetukanwa asijihukumie mwenyewe

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani. Jimbo la Pennsylvania kulikuwa na mshtakiwa aliyejitetea bila wakili, akamtukana jaji matusi ya nguoni siku baada ya siku. Jaji alivumilia mpaka mwisho wa kesi, kisha akamhesabia makosa 11 ya dharau na kumpa jumla ya kifungo cha miaka 11 hadi 22. Kwa maneno tu, jamani. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo. Haikusema matusi ni halali. Ilisema jaji aliyetukanwa namna ile ni binadamu, kidonda chake bado kibichi, na kama alisubiri mpaka mwisho wa kesi basi haraka haikuwepo tena. Kesi ya dharau ilipaswa kwenda kwa jaji mwingine.

Sisi Waislamu hili si geni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wakaipanua: wakaingiza njaa kali, usingizi, maumivu, kila kinachovuruga akili. Ikiwa kadhi aliyekasirishwa na jambo la nyumbani kwake asihukumu kesi ya watu wengine, vipi yule aliyekasirishwa na mtu yuleyule anayemhukumu?

Na kuna tukio jingine ambalo Bukhari amelipokea kutoka kwa Abu Huraira. Mtu alikuja kudai deni lake kwa Mtume, akadai kwa ukali na maneno makavu. Maswahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawaambia mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamuru alipwe ngamia, na aliyepatikana alikuwa bora kuliko wake, akapewa huyo huyo. Tazama utaratibu ulivyokuwa. Hakuangalia sauti kwanza, aliangalia haki iliyokuwa ndani ya sauti ile.

Basi ni lini jaji aadhibu?

Tuweke mambo sawa, yatoke hapa yakiwa wazi.

Moja, aadhibu panapokuwa na vitisho au nguvu. Hapa hakuna mjadala. Tarehe 13 Juni 2024, katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, afisa wa polisi alimpiga risasi Hakimu Monica Kivuti akiwa kazini, muda mfupi baada ya kutoa uamuzi wa dhamana. Hakimu alifariki. Aliacha familia, aliacha mafaili ya watu waliokuwa wakimsubiri. Anayesema korti ivumilie kila kitu akumbuke siku hiyo. Hakimu anayeogopa hawezi kukupa haki, ataipa haki bunduki. Vivyo hivyo kwa anayemkodolea macho shahidi na kumwonyesha ishara ya kisu shingoni. Huyo asipewe onyo la pili.

Mbili, aadhibu mtu anapoendelea kuvuruga baada ya kuonywa, tena akijua anachofanya. Mtu ameambiwa nyamaza, zamu yako itafika. Ameambiwa tena. Bado anasimama, anaimba, anazomea, na ameleta watu wa kuzomea pamoja naye. Huyo anawaibia wengine. Orodha ya kesi ya siku moja pale Migori au Homa Bay ina watu wengi. Kuna mzee aliyepanda matatu alfajiri kutoka Muhuru Bay. Kuna mama aliyevuka maji kutoka Mfangano. Kesi zao zikiahirishwa kwa sababu ya kelele zako, umewatoza nauli, umewatoza siku ya kazi, na hawajakukosea lolote.

Tatu, hata hapo aanze na hatua ndogo. Onyo. Kisha kuahirisha kwa dakika kumi watu wapumue. Kisha kumtoa nje mvurugaji. Katiba yetu yenyewe imelifikiria hili: Kifungu cha 50(2)(f) kinasema mshtakiwa awepo wakati kesi yake inasikizwa, isipokuwa mwenendo wake umefanya kesi isiwezekane kuendelea. Maana yake kesi inaweza kuendelea bila yeye, na akitulia arudishwe. Jela iwe mwisho wa ngazi, isiwe kidato cha kwanza.

Nne, kabla ya kuadhibu amwambie mtu kosa lake kwa lugha anayoielewa na ampe nafasi ya kujieleza au kuomba radhi. Nimesema kwa lugha anayoielewa. Katika korti zetu kuna Dholuo, kuna Kikuria, kuna Kisomali, kuna Kiswahili, na karatasi zinaandikwa Kiingereza. Mara ngapi mtu ameonekana mkaidi kumbe hakuelewa swali? Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Sauti ya juu wakati mwingine ni mtu anayejaribu kusikika ng'ambo ya ukuta wa lugha.

Na tano, kuna mambo ambayo jaji asiyaadhibu kabisa. Asiadhibu kilio. Mama aliyesikia mwanawe amefungwa miaka 20 akapiga ukwenzi, huyo hajadharau mtu, huyo ameumia. Atolewe nje kwa upole, apewe maji. Asiadhibu ujinga wa taratibu: simu iliyolia, kofia kichwani, mtu aliyekaa mahali pa mawakili. Na hapa niwaambie vijana wa kike na kiume, hijabu na kofia ya dini si dharau. Ukiambiwa uvue, jibu kwa utulivu kwamba ni vazi la dini yako na uombe hilo liandikwe. Asiadhibu pia lawama. Mtu kusema sijaridhika na uamuzi huu, nitakata rufaa, hata akisema kwa uchungu, hiyo ni haki yake chini ya Katiba. Heshima ya korti inajengwa na hukumu zake, haijengwi na woga wa watu.

Na wakubwa je?

Najua kuna kijana hapo anasema moyoni: haya yote ni ya maskini. Wakubwa wanakaidi amri na hawaguswi.

Hoja yako ina uzito, lakini sikiliza rekodi. Machi 2018, katika sakata la Miguna Miguna, Jaji George Odunga aliwatia hatiani Waziri wa Usalama Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na Katibu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa kwa kukaidi amri za korti, akawatoza shilingi 200,000 kila mmoja. Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli kifungo cha miezi 6. Alikuwa ameitwa mara 7 aeleze walipo watu 3 waliotoweka Kitengela, na mara zote 7 hakufika. Jaji alimpa siku chache ajirekebishe. Walinzi wa jaji wakaondolewa, nchi nzima ikashangaa. Mwisho wa siku watu wale wakapatikana wakiwa hai, Masengeli akafika mbele ya korti akaomba radhi, na adhabu ikaondolewa.

Kuna waliokasirika kwamba hakufungwa hata siku moja. Mimi nasema tuitazame vizuri. Mtu aliyekuwa akikaimu ukuu wa polisi wa nchi nzima alisimama mbele ya jaji mmoja asiye na bunduki akasema samahani. Lengo la kuadhibu dharau ndilo hilo, amri itiiwe na kesi isonge mbele. Lakini basi kipimo kiwe kimoja. Kama aliyekataa kuja mara 7 alipewa nafasi ya kujirekebisha na radhi yake ikapokelewa, basi kijana wa Nyatike aliyeropoka mara moja naye apewe nafasi hiyohiyo na radhi yake ipokelewe. Huo ndio usawa tunaoudai. Hatudai wakubwa waumizwe, tunadai wadogo wapewe subira ileile wanayopewa wakubwa.

Na sheria inatusaidia hapo. Tangu mwaka 1985, katika kesi ya Mutitika dhidi ya Baharini Farm, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema kosa la dharau linahitaji ushahidi mzito kuliko kesi ya kawaida ya madai, unaokaribia ule wa kesi ya jinai. Sababu ni moja: uhuru wa mtu uko hatarini.

Wewe ufanye nini?

Sasa tushuke kwenye vitendo. Kesho una kesi, au unamsindikiza ndugu yako. Fanya hivi.

Fika mapema, zima simu. Usirekodi wala kupiga picha ndani bila ruhusa ya korti. Najua mnapenda kwenda laivu, lakini hapo utampoteza ndugu yako uliyekuja kumsaidia. Ukiwa umejaza hasira, mwachie mtu mwingine akae mbele. Familia ichague msemaji mmoja.

Ukionewa kwenye kikao, sema maneno haya: mheshimiwa, naomba hilo liandikwe. Basi. Maneno hayo machache yana nguvu kuliko kelele ya saa nzima, kwa sababu jaji wa rufaa hasikii kelele, anasoma kilichoandikwa. Kama huelewi lugha, sema mheshimiwa, naomba mkalimani. Ukiambiwa umeidharau korti, usijibizane. Uliza kwa adabu ni neno gani au tendo gani, omba nafasi ya kujieleza, omba wakili. Kama kweli ulikosea, omba radhi hapo hapo. Kuomba radhi hakukupunguzii haki ya kesi yako hata chembe.

Ukiadhibiwa bila kusikizwa, kuna njia. Kutoka kwa hakimu unakwenda Mahakama Kuu, na siku hizi iko hapa hapa, Migori na Homa Bay, si lazima usafiri hadi Kisii au Kisumu kama wazee wetu. Kama tatizo ni mwenendo wa jaji au hakimu, matusi, upendeleo, hasira za kila siku, kuna ofisi ya malalamishi ya Mahakama na kuna Tume ya Huduma za Mahakama. Na kuna kamati za watumiaji wa mahakama, ambazo hukutanisha korti, polisi, magereza, mawakili na wananchi. Vijana wangapi wa msikiti wako wamewahi kuhudhuria? Hapo ndipo pa kusema korti yetu haina mkalimani wa Kisomali, au kina mama wanafungiwa seli hadi jioni kwa kulia.

Kwa kesi za mirathi na ndoa, mkumbuke pia mahakama ya Kadhi. Lakini Kifungu cha 170 kinataka pande zote ziwe Waislamu na zikubali kwenda huko. Familia zetu nyingi huku zimechanganyika, ndugu mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, kwa hivyo kesi itaishia kwa hakimu wa kawaida au Mahakama Kuu. Usiende huko na fikra kwamba umeingia kambi ya adui. Ndugu mnaogombana naye leo ndiye mtakayekaa naye matangani kesho. Katiba yenyewe, Kifungu cha 159, inahimiza maridhiano na upatanishi. Kesi nyingi za mazishi na mashamba zingeisha chini ya mti kama mtu mmoja angekubali kusikiliza kwanza.

Na kama mnataka mfano wa subira kutoka nyumbani, mnao. Februari 2018 Mahakama Kuu hapo Homa Bay ilifuta ushindi wa Gavana Cyprian Awiti katika kesi iliyoletwa na Oyugi Magwanga na mwenzake. Awiti akaenda Mahakama ya Rufaa, akashindwa tena. Akaenda Mahakama ya Juu, na Februari 2019 ushindi wake ukarudishwa. Uwe ulimpigia kura au hukumpigia, shika somo: ameshindwa mara mbili, ameshinda ya tatu, na kilichomfikisha huko ni karatasi. Angejibu uamuzi wa kwanza kwa mawe, tusingekuwa na la kuhadithia.

Namalizia na majaji na mahakimu wetu, maana najua wapo wanaosoma kurasa kama hizi. Waheshimiwa, tunawaombea. Kazi yenu ni nzito na usalama wenu ni usalama wetu. Tunachowaomba ni hiki: siku mtu anapopaza sauti mbele yenu, jiulizeni kwanza kama sauti hiyo inazuia haki au inaitafuta. Inayozuia, izuieni. Inayotafuta, ipeni maji, ipeni mkalimani, ipeni dakika tano.

Na nyinyi vijana, haki yenu msiidai kwa namna itakayompa mtu sababu ya kuacha kuwasikiliza. Nendeni na hoja, nendeni na karatasi, nendeni na adabu. Mpelekeeni mada hii ndugu aliye na kesi wiki hii, itamfaa.

Wallahu a'lam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.